Kompyuta inapoganda: kisa cha magari ya wagonjwa ya London

Mwaka 1992, wafanyakazi wa chumba cha simu za dharura cha Idara ya Magari ya Wagonjwa ya London walijikuta na desturi ya ajabu. Kila zamu ilipoanza, walifungua kwenye kompyuta zao kila dirisha walilodhani wangelihitaji mpaka zamu iishe, kisha wakayaacha yote wazi, moja nyuma ya jingine. Kufungua dirisha jipya katikati ya kazi kulichukua muda mrefu mno, na mtu anayepiga simu kwa sababu mama yake ameanguka jikoni hawezi kuambiwa angoje skrini ijichore.

Habari hiyo imo katika ripoti ya tume iliyoundwa kuchunguza kuanguka kwa mfumo wa kompyuta wa idara hiyo, iliyotolewa mwezi Februari 1993. Programu ya madirisha yale iliandikwa kwa Visual Basic na iliendeshwa ndani ya Windows 3.0. Kwa kuyafungua madirisha mapema, wafanyakazi walikuwa wakifanya kwa mikono yao kazi ambayo mwandishi wa programu alipaswa kuwafanyia.

Msikilizaji, adha ya dirisha kuganda anaijua kila aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta, awe Mombasa, Bukavu, Muskat au Minneapolis. Unabonyeza kitufe, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Dirisha linageuka jeupe, na hujui kama ombi lako limepokelewa mara mbili au halikupokelewa kabisa. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, namna waandishi wa programu wanavyolizuia kwa kutumia kile wanachokiita nyuzi, na kwa nini nyuzi hizo zenyewe huleta maradhi mapya zisipotumiwa kwa hadhari.

Kilichotokea London

Idara hii wakati ule ilihudumia eneo la zaidi ya maili za mraba 600 lenye wakazi wapatao milioni 6.8, na kila siku ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500. Chumba cha kuongozea magari kilikuwa Waterloo, kusini ya mto Thames. Kabla ya kompyuta, mpokea simu aliandika habari za mgonjwa kwenye fomu ya karatasi, akatafuta mahali hapo katika kitabu cha ramani, kisha akaiweka fomu juu ya mkanda uliokuwa ukizunguka na kuipeleka kwa wenzake walioamua gari lipi liende. Shabaha ilikuwa gari lipewe amri ya kuondoka ndani ya dakika 3.

Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 1992 mkanda ule uliachwa na kompyuta ikashika hatamu. Haukupita muda, habari za mahali yalipo magari zikaanza kupotoka. Kompyuta ilituma magari mawili kwa mgonjwa mmoja, au ilituma gari la mbali ilhali la karibu lipo. Kila ilipokutana na jambo isilolielewa ilitoa ujumbe wa tahadhari, na tahadhari zikawa nyingi kiasi kwamba zilisukumana nje ya skrini kabla hazijasomwa. Waliochoka kungoja walipiga simu tena, na kila simu ya pili ikazidisha foleni. Kesho yake, saa nane mchana, chumba kilirejea katika utaratibu wa nusu karatasi na nusu kompyuta. Mkurugenzi Mkuu, John Wilby, alijiuzulu. Magazeti yaliandika kwamba huenda watu kati ya 20 na 30 walifariki kwa sababu ya kuchelewa huko, dai ambalo halikuthibitishwa.

Kisa hiki hufundishwa katika vyuo vingi vya kompyuta, na mara nyingi husimuliwa kwa pupa. Tume haikusema kwamba kompyuta iliharibika siku zile mbili. Ilisema kwamba kwa jumla ilifanya kile ilichoundwa kufanya, ila muundo wenyewe ulibeba kasoro kubwa zilizorundikana. Uzito wa skrini ulikuwa mojawapo tu. Hata hivyo ndiyo kasoro iliyokuwa karibu zaidi na macho na vidole vya mpokea simu, na ndiyo inayomfika hata mtumiaji wa programu ndogo ya dukani.

Karani na dirisha lake

Fikiria dirisha la posta. Ndani yuko karani mmoja, nje kuna foleni. Huyu anataka stempu, yule fomu, mwingine amefuata kifurushi kilichoko ghalani. Kwa stempu na fomu foleni inasonga. Akifika wa kifurushi, karani anainuka, anakwenda ghalani mwenyewe, anapekua kwa nusu saa. Dirisha limebaki wazi bila mtu, na walioko nje hawajui kama karani atarudi au amekwenda zake nyumbani.

Programu yenye madirisha huendeshwa vivyo hivyo. Kila unapobonyeza kitufe, kusogeza kipanya au kugusa kibodi, mfumo wa uendeshaji huandika ujumbe na kuuweka kwenye foleni ya programu. Programu huchukua ujumbe wa kwanza, huutekeleza, hurudi kuchukua unaofuata, na huzunguka hivyo tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa. Miongoni mwa ujumbe huo umo ule unaosema "jichore upya". Ndiyo maana dirisha lililoganda huwa jeupe, au hubaki na mabaki ya dirisha jingine lililopita juu yake: ombi la kujichora lipo foleni, wa kulipokea hayupo.

Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mfumo huo humvumilia karani aliyetoroka kwa muda wa sekunde 5 hivi, kisha huandika juu ya dirisha kwamba programu haijibu. Simu za Android nazo zilichagua sekunde 5. Binadamu hana subira hiyo. Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika juu ya jambo hili mwaka 1968, na Jakob Nielsen akayarudia mwaka 1993: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ni kidole chake mwenyewe kilichotenda, likifika sekunde 1, mawazo yake hayajakatika bado, likipita sekunde 10, ameshaanza kufikiria jambo jingine. Kwa mpokea simu wa dharura, huko kufikiria jambo jingine ndiko hatari ilipo.

Windows 3.0, iliyotoka mwaka 1990, ilikuwa na tabia ngumu zaidi. Programu zote zilizokuwa wazi ziligawana prosesa kwa hisani, kila moja ikitarajiwa kuiachia kwa hiari yake ili nyingine nazo zipate zamu. Moja ikiing'ang'ania, yaliganda madirisha ya programu zote, si yake peke yake. Mwandishi wa Visual Basic alikuwa na agizo moja la kujinusuru, DoEvents, ambalo kwa mfano wetu ni sawa na karani kurudi mbio dirishani kila baada ya dakika chache, kuhudumia mmoja, kisha kukimbilia ghalani tena. Lilisaidia, lakini kwa gharama. Mteja yule yule, kwa kukosa subira, aliweza kubonyeza kitufe kile kile mara ya pili, na kazi ya pili ikaanza ndani ya tumbo la ile ya kwanza isiyokwisha.

Matarishi

Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, na mwaka 1995 ikafuata Windows 95 iliyoingia katika mamilioni ya maofisi na nyumba. Mifumo mingine, kama OS/2 ya mwaka 1987, ilikuwa imetangulia. Tangu hapo mwandishi wa programu wa kawaida aliweza kutumia nyuzi.

Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa na prosesa, agizo baada ya agizo. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi kadhaa, zote zikitumia kumbukumbu ile ile ya kompyuta, na mfumo wa uendeshaji ukizigawia zamu fupi fupi bila kuziomba ruhusa. Kwa lugha ya posta, karani sasa ana matarishi. Akiombwa kifurushi, anamtuma tarishi ghalani naye anabaki dirishani. Kutafuta anwani katika hifadhidata, kusubiri jibu kutoka seva ya mbali, kusoma faili kubwa, kukokotoa njia fupi kutoka Brixton hadi Hackney, zote hizo ni kazi za tarishi.

Yangeishia hapo, makala haya yangekuwa mafupi. Taabu huanza tarishi anaporudi na kifurushi na kutaka kumkabidhi mteja yeye mwenyewe. Chukua orodha ya simu kwenye skrini yenye mistari 10. Tarishi wa kwanza anaisoma, anaona 10, anajiandaa kuandika mstari wa 11. Kabla hajaandika, zamu yake ya prosesa inakwisha. Tarishi wa pili anaisoma, naye anaona 10, anaandika mstari wa 11. Wa kwanza akipata zamu tena anaandika habari zake pale pale, juu ya za mwenzake. Simu moja imetoweka bila kengele, bila ujumbe wa kosa. Na kwa kuwa jambo hilo hutegemea sadfa ya zamu, programu yaweza kujaribiwa mara elfu moja bila kasoro kuonekana, kisha ikajitokeza usiku wa kazi nyingi.

Dawa iliyozoeleka ni kufuli. Uzi unaotaka kugusa orodha huifunga kwanza, huandika, kisha huifungua, na nyuzi nyingine hungoja. Lakini kufuli zikiwa mbili, uzi mmoja waweza kushika ya kwanza ukingoja ya pili, na mwenzake ameshika ya pili akingoja ya kwanza. Hapo hakuna atakayesonga mpaka umeme uzimwe.

Wahandisi wengi walijaribu kuunda madirisha ambayo uzi wowote ungeweza kuyagusa. Graham Hamilton, mhandisi wa kampuni ya Sun Microsystems, alieleza mwaka 2004 kwa nini juhudi hizo zilishindikana mara kwa mara. Matukio ya kipanya na kibodi hupanda kutoka chini, yaani kutoka kwenye mfumo wa uendeshaji kwenda kwenye programu. Maagizo ya programu hushuka kutoka juu kwenda chini. Kila upande hufunga kufuli zake kwa mpangilio ulio kinyume cha mwenzake, na penye safari mbili zinazokabiliana njiani mkwamo hauepukiki. Wahenga wa pwani walilisema kwa njia yao: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kwa hiyo sheria iliyoshika, katika Windows, katika Java, katika kompyuta za Apple na katika simu, ni kwamba madirisha yana nahodha mmoja. Uzi ule ule unaopokea ujumbe wa kipanya ndio peke yake unaoruhusiwa kuchora, kuandika na kubadilisha chochote kinachoonekana. Tarishi akirudi haendi dirishani. Anaandika karatasi, "kifurushi kimepatikana, hiki hapa," na kuiweka mwishoni mwa foleni ya karani. Karani ataisoma zamu yake ikifika. Katika Java agizo la kuweka karatasi hiyo huitwa invokeLater, katika .NET huitwa BeginInvoke, na kila lugha ina lake.

Mitego miwili inastahili kutajwa hapa, maana hukamata hata mafundi. Wa kwanza ni tarishi anayeweka karatasi kisha akasimama kungoja ijibiwe, wakati karani naye amesimama kumngoja tarishi amalize. Mkwamo ule ule umerudi kwa mlango wa nyuma, bila kufuli yoyote kuonekana.

Wa pili hausemwi sana, nami nauona ndio mbaya zaidi. Tarishi mwenye bidii, anayesoma habari za magari 300, anaweza kuweka karatasi kwa kila badiliko dogo, maelfu kwa sekunde moja. Karani hana kazi nzito hata moja, lakini foleni yake imejaa karatasi za matarishi, na mteja aliyebonyeza kitufe amesimama nyuma yake. Dirisha limeganda tena. Hata lisipoganda, mistari itapita mbele ya macho kwa kasi isiyosomeka, kama tahadhari zile za Waterloo zilizosukumana nje ya skrini. Mwandishi makini humwagiza tarishi akusanye mabadiliko, amkabidhi karani kwa mafungu, mara kadhaa tu kwa sekunde, na yale yanayodai uamuzi wa mtu ayaweke mahali pasipofutwa na yanayofuata.

Madirisha mengi, karani mmoja

Programu ya kuongozea magari haina dirisha moja. Lipo la ramani, lipo la simu mpya, lipo la orodha ya magari, lipo la tahadhari. Kwa kawaida yote huhudumiwa na karani mmoja, kwa hiyo ramani ikichelewa kujichora, dirisha la simu mpya nalo linakwama ingawa halihusiki.

Wapo wanaojaribu kumpa kila dirisha karani wake. Kwa madirisha yasiyotegemeana njia hiyo hufaa. Lakini katika Windows, dirisha lililo mtoto wa jingine, au linalomilikiwa na jingine, huunganishwa nalo foleni ya kibodi na kipanya hata kama kila moja lina uzi wake, na mmoja akilala wote wanalala. Waliohitaji utengano wa kweli walikwenda mbali zaidi. Programu ya Chrome, ilipotoka mwaka 2008, iligawa kurasa katika michakato tofauti, kila mmoja na kumbukumbu yake, ili ukurasa mmoja ukianguka mingine ibaki hai. Gharama yake ni kumbukumbu nyingi, kama mwenye kompyuta kongwe anavyojua.

Nyuzi nazo hazipatikani bure. Kila uzi katika Windows hutengewa nafasi ya akiba ambayo kwa kawaida ni megabaiti 1, hivyo anayeanzisha uzi mpya kwa kila simu inayoingia atajikuta amejaza kompyuta kwa matarishi wanaogongana vikumbo. Afadhali matarishi wachache wa kudumu, na orodha ya kazi inayowangoja.

Kisha kuna dirisha linalofungwa wakati tarishi bado yuko njiani. Anarudi, hakuna dirisha. Programu yaweza kuanguka, au, kwa namna ya kimya zaidi, yaweza kuendelea kushikilia kumbukumbu ya dirisha ambalo halipo tena kwa sababu tarishi bado analitaja. Dirisha moja si neno. Mia tano kwa zamu ni jambo jingine. Tarishi lazima aweze kuambiwa aache kazi, na aambiwe kwa upole: huwekewa alama ambayo yeye mwenyewe huitazama kila baada ya hatua. Kumuua ghafla ni kumuua akiwa na funguo mfukoni, na kufuli alilolifunga halitafunguliwa tena. Java nayo, tangu toleo lake la mwaka 1998, iliwashauri waandishi waachane na agizo lake la kusimamisha uzi kwa nguvu, ingawa huko hatari ni kinyume chake: kufuli hufunguliwa ghafla na habari zikiachwa nusu nusu.

Kumbukumbu isiyorudishwa ndiyo iliyomaliza mfumo wa London, ingawa huko ilikuwa ndani ya seva na haikuhusu madirisha. Tarehe 4 Novemba 1992, mnamo saa nane usiku, mfumo ulianza kuwa mzito, kisha ukasimama kabisa. Kuuwasha upya hakukufaa kitu, na seva ya akiba haikushika zamu. Uchunguzi ulikuta kipande cha maagizo kilichoachwa na mwandishi wa programu wiki tatu hivi kabla. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilishika sehemu ndogo ya kumbukumbu na kutoirudisha. Wiki tatu zilitosha. Chumba kilirudi kwenye karatasi tupu na simu.

Tume ilieleza pia kwamba mfumo haukujaribiwa kwa ukamilifu, kwa mzigo kama ule wa siku ya kazi, na hapo ndipo programu nyingi za madirisha huteleza mpaka leo. Mwandishi huijaribu mezani kwake, hifadhidata iko ndani ya kompyuta ile ile, mtandao hauna msongamano, na kila jibu hurudi kabla hajapepesa jicho. Kasoro ya karani anayekwenda ghalani haionekani, kwa kuwa ghala liko hatua moja nyuma yake. Jaribio rahisi ni kuichelewesha seva makusudi kwa sekunde 10, kisha kulikokota dirisha kwa kipanya. Likifuata mkono, karani yuko mahali pake. Lisipofuata, mtumiaji wa Kisangani au Mtwara mwenye mtandao wa kusuasua ataligundua hilo siku ya kwanza.

Baada ya 1992, idara ya London ilijenga mfumo mwingine ndani ya idara yenyewe, ukaanza kutumika mwaka 1996, hatua kwa hatua, wafanyakazi wakizoeshwa kwanza. Jaribio la kuuondoa kwa mfumo mpya mwezi Juni 2011 lilirudisha chumba kwenye kalamu na karatasi, na mfumo huo mpya ukashika kazi mwaka uliofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, usiku wenye simu nyingi kuliko karibu usiku wowote mwingine, ulizimika kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi na moja na robo alfajiri. Wapokea simu walichukua kalamu, wakaandika kila simu kwa mkono.